Majina Manne ya Kitu Kimoja

Inspekta Nzomo aliisukuma faili mezani kwa kidole kimoja, kama mtu anayesukuma sahani ya chakula alichokinai.

"Weka sahihi hapo chini, Sajini. Jumatatu saa tatu huyo mama yuko kortini, na sisi tupumue."

Sajini Nasipwondi hakuweka sahihi. Alivuta kiti, akaketi bila kukaribishwa, akafungua faili. Ilikuwa Jumamosi, saa mbili na nusu asubuhi. Jana alikuwa mapumzikoni, na sasa jina lake lilikuwa limechapwa juu ya jalada kama mpelelezi wa kesi ambayo hakuipeleleza hata kwa dakika moja. Hilo lilimkera, na Nasipwondi akikereka husoma polepole, neno kwa neno, mpaka anayemsubiri aanze kutingisha mguu.

Kesi yenyewe haikuwa ndefu. Isaac, mchomaji wa vyungu katika karakana ya majiko kule Kawangware 46, alikutwa amekufa jana saa sita mchana, kipaji cha uso kimepasuka. Kando yake palikuwa na kitu cheusi cha mviringo, saizi ya ngumi ya mtu mzima, kina damu. Aliyeripoti ni mwenye karakana, Morris. Aliyekamatwa ni Nereah, mjane wa Soweto East, Kibera, anayezoa vumbi la makaa kwenye karakana hiyo, akalikanda, akalifinyanga na kuliuza kwa wapishi. Asubuhi hiyohiyo watu walimsikia akimfokea Isaac kwa sababu vumbi lake alikuwa amepewa mwanamke mwingine.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa ungamo. Nasipwondi alilisoma mara ya kwanza, akainua nyusi. Akalisoma mara ya pili kwa sauti.

"'Nilipandwa na mori si haba. Kufumba na kufumbua nikatwaa bonge lililokuwa karibu nami. Nikalirusha donge hilo kwa nguvu zangu zote. Tonge lile likamgonga marehemu kwenye kipaji cha uso. Alianguka kama gunia, na kinundu hicho kikabingirika hadi mlangoni. Nikatimua mbio.'" Akaweka karatasi chini. "Huyu mama anauza makaa ama anafundisha Kiswahili?"

"Si alikubali? Hiyo ndiyo maana."

"Nani aliandika?"

"Konstebo Billy. Mimi nikathibitisha."

"Na mtu wake wa kushuhudia? Sheria inasema awe na mtu aliyemchagua mwenyewe."

"Hakutaka mtu."

"Hapa kuna alama ya kidole, tena imeburutwa. Hajui kuandika?"

"Mama wa makaa, Sajini! Aandike wapi?" Nzomo alianza kutingisha mguu. "Unatafuta nini?"

"Bado sijui. Lakini sahihi yangu sitoi."

Nzomo alikuwa amebakisha miaka miwili astaafu, na hakupenda kitu kinachoitwa bado.

"Mpaka saa kumi na moja jioni. Baada ya hapo natafuta anayejua kushika kalamu, na wewe uanze kufunga sanduku. Nasikia huko mpakani wanahitaji watu wenye maswali mengi."

"Nikipelekwa nitakwenda," alisema Nasipwondi akiinuka na faili kwapani. "Kusaini, hapana."

*

Nereah alikuwa amesimama seli, ingawa palikuwa na mahali pa kukaa. Mwanamke wa miaka hamsini hivi, kucha nyeusi tititi. Weusi huo hautoki kwa sabuni.

"Umeamkaje, mama?"

"Siwezi amka na sijalala. Nimekaa kwa simiti usiku yote."

Nasipwondi alitoa kielelezo, kile kitu cheusi, kikiwa ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa kwa lakiri. "Nataka uniambie kitu kidogo tu. Ile makaa unafinyanga, ukichukua moja, inaitwa nini?"

"Si nyinyi mumeandika? Someni."

"Nataka nisikie kwako."

Nereah alimpima kwa macho, kuanzia viatu hadi kichwani. "Kiazi. Sisi wote huko Soweto tunaita viazi. Debe moja ya viazi ya moto."

"Na tonge?"

"Tonge ni ya ugali! Tonge unaweka kwa mdomo. Sasa mimi niweke makaa kwa mdomo, madam?"

"Donge?"

"Donge ni ya damu. Ama ile inakaa hapa kwa koo mtu akitaka kulia." Alijigusa shingoni. "Hiyo ninayo tangu jana. Lakini sitalia mbele yao."

"Bonge?"

"Bonge ni kitu kubwa. Bonge la nyama. Bonge la mtu, kama huyo mkubwa yenu."

Nasipwondi aliuma mdomo asicheke. "Na kinundu?"

Hapo Nereah alikunja uso kwa dhati, mtu anayetafuta asipate. "Hiyo sijui. Ni ya ng'ombe?"

"Walikusomea ile karatasi kabla uweke kidole?"

"Nisomewe na nani? Na kwa nini kidole? Nilifika darasa la saba. Mimi ndio naandika daftari ya chama yetu, miaka tisa sasa. Huyo kijana alishika mkono yangu akapaka wino, mimi navuta, yeye anavuta." Alisogea karibu na vyuma. "Andika hii pia, kama unaandika. Niligombana na Isaac, ndiyo. Nilimtukana, ndiyo. Saa tano nilikuwa nimerudi Kibera. Sikuua mtu, na sitasema niliua, hata mnizeeshe hapa."

Nasipwondi aliandika yote, hata lile la kutukana. Mwongo huanza kwa kujisafisha, na huyu alikuwa amejipaka mwenyewe.

*

Soweto East ilikuwa imechangamka. Chini ya ghorofa za serikali, wachuuzi walikuwa wamepanga sukuma, omena na nguo za mitumba hadi ukingoni mwa barabara. Ndinda, mwenzake Nereah, alikuwa amepiga magoti kando ya gunia lililotandazwa, mikono imezama kwenye uji mweusi.

"Kama umekuja kunishika na mimi, ngoja nimalize hii beseni," alisema bila kuinua kichwa.

"Nimekuja kujifunza kazi."

Ndinda alimwangalia aone kama anatania. Alipoona hataniwi, akachota ujazo wa kiganja, akakamua maji, akauviringisha mara tatu, akauchoma katikati kwa waya wa mwavuli uliovunjika hadi ukatokea upande wa pili. Akaweka kwenye gunia. Safu nzima hapo ilikuwa na tundu.

"Kwa nini unatoboa?"

"Bila shimo inakauka nje peke yake. Ndani inabaki na maji, ukiwasha inalipuka inamwagia mtu jivu. Nereah ndiye alileta hiyo maarifa. Hawezi wacha moja bila shimo, hata ukimuamsha usingizini."

Nasipwondi alikigeuza kielelezo ndani ya mfuko wake. Juu, chini, kando. Hakikuwa na tundu.

"Mwingine hapa hufinyanga bila kutoboa?"

"Trizah wa kule mtoni. Na yeye ndiye alipewa hiyo vumbi ya Nereah huko Kawangware." Ndinda alitema mate kando. "Mwangalie huyo."

Nasipwondi alimwangalia. Alishuka hadi mtoni, akampata Trizah, akapoteza dakika arobaini kusikiliza jinsi Ijumaa kutwa alivyokuwa kwenye mazishi, tena kwenye picha ameshika shada la maua na saa inaonekana. Alirudi kwa Ndinda akiwa na jasho na hasira. Ni hasira hiyo iliyomfanya achukue kiazi kimoja kikavu cha Nereah mkono wa kushoto, na kielelezo mkono wa kulia, kana kwamba anataka kuvitupa vyote mtoni.

Hakuvitupa. Alisimama pale katikati ya njia, watu wakimpita kulia na kushoto, mkono mmoja umeshuka kuliko mwingine.

Mizani iliyokuwa karibu ni ya buchari. Muuza nyama aliona kitambulisho akaondoa matumbo bila kuuliza. Kiazi cha Nereah: gramu mia mbili na ishirini. Kielelezo, mfuko na lakiri pamoja: gramu mia saba na arobaini. Saizi yao ilikuwa ileile.

"Hiyo si makaa, afande," alisema muuza nyama, akichungulia. "Hiyo ni kitu imejipaka makaa."

Muuza nyama alikuwa ameona kwa nusu dakika jambo ambalo kituo kizima hakikuliona tangu jana. Nasipwondi alimshukuru, akaandika uzito na saa, akamwomba atie sahihi kama shahidi. Kisha akampigia simu Konstebo Billy.

"Billy, kwa insha ulikuwa unapata ngapi?"

Sauti ya Billy ilikuja yenye fahari kidogo, ingawa ilijaribu kujificha. "Thelathini na saba kwa arobaini, madam. Mwalimu alikuwa anasoma yangu mbele ya darasa."

"Alikufundisha usirudie neno."

"Ee. Ukirudia unaonekana huna msamiati."

"Nilifundishwa hivyohivyo, na mwenye kiboko. Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu kazi yako iko kwenye hili jibu. Bonge, donge, tonge, kinundu. Nereah alisema lipi?"

Billy alikohoa. Kwa mbali Nasipwondi alisikia mlango ukifungwa taratibu.

"Hakusema lolote, madam. Alikataa tu. Inspekta aliniambia niandike vile mwenye karakana alisimulia, niiweke kwa mdomo wa mama."

"Kwa hivyo maneno ni yako."

"Bonge, donge, tonge ni zangu."

"Na kinundu?"

"Hiyo ni ya Morris. Alikuwa kaunta anatetemeka, akasema, 'Ameuawa na kinundu.' Baadaye akasema makaa, makaa ya mama. Mimi nikaona kinundu ni msamiati mzuri, nikaitia mwisho."

"Kaa hapo kituoni," alisema Nasipwondi. "Ukiitwa na mkubwa, uwe msalani."

*

Pikipiki ilimfikisha Kawangware saa nane kasoro. Karakana ya Morris ilikuwa na paa la mabati na kuta mbili tu. Upande mmoja wanaume walikuwa wanagonga vibati, upande mwingine palikuwa na tanuri la matofali ambalo vyungu vya ndani ya majiko huchomwa humo. Palinuka moshi na udongo uliolowa.

Alipoingia tu, mtu mmoja alidondosha kibati akatoka mbio kupitia nyuma. Nasipwondi hakimbii tena, magoti yamekataa, lakini anajua vichochoro huishia wapi. Alizunguka kibanda cha chapati, akamngoja upande wa pili. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mkono wa kulia umefungwa kitambaa.

"Jina?"

"Walubengo."

"Mulembe, Walubengo. Huo mkono?"

Salamu ya nyumbani ilimlegeza kidogo, akamwita mama kwa lugha yao. "Mulembe, mayi. Nilichomeka Alhamisi. Kliniki wameandika kwa kitabu. Mkubwa akijua siwezi shika nyundo nitafutwa, ndio maana nikiona mtu mgeni..." Akatoa kitabu cha kliniki mfukoni. Tarehe, muhuri, jeraha la moto, kiganja cha kulia. Kiganja hicho kisingeweza kushika kijiko, sembuse kuua mtu. Nasipwondi alimrudishia.

"Kinundu ni nini?"

Walubengo alishangaa swali dogo namna hiyo. "Kinundu? Ni ile ya kujaribia moto. Mchomaji akipanga vyungu, anaviringisha udongo uleule, unene uleule, anaweka karibu na mlango wa tanuri. Akiona moto umetosha, anatoa moja na chuma, anavunja. Ndani ikiwa nyekundu yote, mali imeiva. Ikiwa na kiini nyeusi, bado, unaongeza kuni."

"Watu wengine wa Kawangware wanaita hivyo?"

"Hapa kwetu tu. Isaac ndiye alianza kuita hivyo."

"Na Ijumaa?"

Walubengo aliangalia nyuma, kisha akaangalia mkono wake.

"Isaac aliweka mbili," alisema hatimaye. "Moja alivunja mbele yetu, ilikuwa nyeusi ndani. Akasema mali haitoki, inaweza pasukia mtu jikoni. Morris alikuwa ameahidi mteja pikapu nzima saa nane. Isaac akachukua ile ya pili, akaenda nayo ofisini amuoneshe. Sisi tukaenda kula. Tukirudi, Isaac amelala chini na Morris anapiga nduru ati ni yule mama."

"Na mali?"

"Ilibebwa saa nane. Maiti bado iko hapo."

"Utaandikisha hayo?"

"Nitafutwa, mayi."

"Utafutwa. Sikudanganyi."

Walubengo alicheka kwa uchungu, akapangusa pua kwa mkono mzima. "Wacha nifutwe basi. Isaac alinifundisha hii kazi bure."

*

Morris alikuwa anaongea na wateja wawili mbele ya karakana, mwanamume mnene wa suruali ya kaki, kalamu tatu mfukoni. Alimpokea Sajini kwa mikono miwili.

"Madam, karibu. Mambo ya huyo mama yameisha?"

"Yamebaki kidogo." Nasipwondi aliweka mfuko wa kielelezo juu ya meza ya nje, kisha kando yake kiazi cha Nereah. Hakuwafukuza wateja. Mafundi waliacha kugonga mmoja mmoja. "Isaac alikuwa mchomaji wa namna gani?"

"Fundi mzuri. Mungu amlaze pema."

"Vipi basi hapa watu wanasema mali uliyotoa jana ilikuwa mbichi?"

Uso wa Morris ulibadilika, lakini haukuwa wa woga. Ulikuwa wa mtu aliyetukaniwa kazi yake mbele ya wanunuzi.

"Nani amesema?"

"Isaac alisema. Mbele ya mafundi wote. Miaka ishirini unauza majiko, na mchomaji wako akasema unauzia akina mama udongo mbichi."

"Isaac alikuwa anajifanya! Mimi nachoma tangu yeye akiwa na kamasi. Mali ilikuwa imeiva!"

"Alivunja, ikawa nyeusi ndani."

"Hiyo ya kwanza ilikuwa mlangoni, inapigwa na upepo! Hii ya pili ndiyo ilikuwa ndani zaidi." Kidole chake kilikuwa kimeelekea kwenye mfuko wenye lakiri. "Vunja hicho kinundu sasa hivi! Vunja, watu waone kama ni kibichi!"

Mmoja wa wateja alirudi hatua nyuma. Morris alitazama kidole chake mwenyewe, akakishusha.

"Kitavunjwa," alisema Nasipwondi, "maabara, mbele ya mashahidi. Ila mimi sijasema ni kinundu, Morris. Faili inasema ni makaa ya Nereah. Wewe ndiye ulikiviringisha kwenye vumbi lake ili kifanane nayo."

"Alinidharau," alisema Morris. "Alinidharau kwa ofisi yangu."

Nasipwondi alimfunga pingu mwenyewe.

*

Saa kumi na nusu, Inspekta Nzomo alikuwa anasoma taarifa ya Walubengo kwa mara ya tatu, labda akitumaini imebadilika. Billy alisimama mlangoni, macho sakafuni.

"Sawa," alisema Nzomo. "Tuandike mama ameachiliwa kwa kukosa ushahidi. Hilo ungamo likae pembeni. Hakuna haja ya kuchafuana."

"Nimeshaandika kwenye OB, kitabu cha matukio," alisema Nasipwondi. "Nani alilitunga, nani aliamuru, kidole kilishikwa na nani. Kurasa zina namba, afande. Ukichana moja itaonekana."

"Unajua unachofanya?"

"Najua. Sanduku nitafunga kesho baada ya kanisa."

Nereah aliletwa kaunta. Nzomo alimnyooshea njia ya lango la nyuma, lile la jikoni, na kwa sauti ya upole aliyoitafuta kwa shida akamwambia anaweza kwenda nyumbani.

Nereah hakusogea.

"Jana mlinitoa Soweto na gari," alisema. "King'ora ikilia. Watoto walinikimbilia wakiimba muuaji. Huyu kijana alinishika hapa kwa nguo mbele ya wateja wangu. Leo nirudi na mlango ya jikoni kama nimeiba sufuria?"

"Mama, umeachiliwa. Unataka nini zaidi?"

"Nataka gari. Na king'ora. Na huyu kijana."

"Haiwezekani."

"Basi nirudisheni seli." Akageuka, akaanza kutembea mwenyewe kuelekea ndani.

Nasipwondi alichukua ufunguo wa gari ubaoni. Nzomo alifungua mdomo, akamwangalia Sajini, akaangalia kile kitabu kikubwa cha OB kilichokuwa wazi kaunta, akafunga mdomo.

Waliingia Soweto East saa kumi na moja na robo, soko limefurika, king'ora kikilia hadi mbele ya gunia la Ndinda. Watu waliacha kununua. Ndinda alisimama na mikono yake myeusi, asijue acheke au alie. Nereah alishuka kutoka kiti cha mbele, akarekebisha leso yake kiunoni, akamngoja Billy ashuke.

Billy alivua kofia. "Huyu mama," alianza, akaigeuza kofia mkononi. Kijana wa thelathini na saba kwa arobaini hakuwa na msamiati wowote. "Huyu mama hakuua mtu. Mimi niliandika uongo."

"Sauti, kijana," alisema Nereah. "Huko nyuma hawajasikia."